Foronya Bila Mto

Wifi yangu alipungua kilo sitini na mbili, na tangu amalize kupungua mimi sijapata raha. Alipokuwa na kilo mia moja thelathini na nne nilimhurumia magoti yake, basi. Sasa kilo zimeondoka, magoti yamepona, na mtu aliyebaki ananichosha kuliko kilo zote zile.

Lakini nianze mwanzo, nisije nikamwonea.

Yeye ni mke wa mdogo wangu, yule aliyenifuata ziwa. Mimi na wifi tunafanya kazi chumba kimoja, chini kabisa ya hoteli kubwa, mahali ambapo wageni hawafiki wala hawajui kama papo. Huko ndiko mashuka yao yanakoshuka machafu kwenye matoroli, yakapanda yamekunjwa. Mimi niko kwenye mashine ya rola, ile pasi ndefu kama kitanda inayomeza shuka bichi upande mmoja na kulitema kavu upande wa pili. Yeye husimama upande wa kupokea, na mashuka yakipungua anapiga pasi ya mkono makoti ya wapishi na vitambaa vya meza. Kazini wanamwita Pasi Mbili. Jina alipewa na fundi wa mashine, ambaye nasi tunamwita Bwana Spana kwa kuwa spana haimtoki mkononi hata anapokunywa chai. Alimwita hivyo kwa sababu mwili wake ulichukua nafasi ya meza mbili za pasi. Lakini jina lilidumu kwa sababu nyingine: alikuwa anamaliza kazi ya watu wawili, na hilo hakuna aliyebisha.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikwenda nchi nyingine kujenga bwawa la umeme, mkataba wa miezi ishirini bila likizo. Huko porini mtandao ni wa kubahatisha. Sauti inafika ikikatikakatika, picha inafika baada ya siku mbili. Kuonana kwa simu, hilo hata usiulize.

Hakumaliza wiki mbili tangu aondoke, daktari wa kliniki akamwambia wifi kwamba sukari imepanda, presha imepanda, na goti la kulia limelika. "Mama, ama upungue, ama uzoee kukaa kwenye kiti." Wifi alirudi nyumbani akalia, akanawa uso, akaniambia, "Kesho tunakwenda kazini kwa miguu."

Tunakwenda. Sikia hiyo. Mimi goti langu halikuwa na shida na mtu.

Nikatembea naye. Siku za kwanza alipumzika mara tatu njiani: kwenye nguzo ya umeme, kwa seremala, na kwenye ukuta wa shule. Seremala akazoea, akawa anamwekea stuli. Sahani yake akaigawa nusu, chai akainywa bila sukari huku amekunja uso kama anayekunywa maji ya kuoshea brashi. Soda aliiacha siku moja na hakuirudia tena. Mwezi wa nne akaacha kupumzika kwenye ukuta. Mwezi wa saba seremala akairudisha stuli yake ndani. Nilimwona mwanamke yule akipigana na nafsi yake kila siku ya Mungu, na nilikuwa namwombea kila asubuhi kwa jina lake. Mwezi wa kumi na saba mizani ya kliniki ikasoma sabini na mbili. Nesi alimpigia makofi. Mimi nilitoa sadaka ya shukrani.

Nilidhani hapo hadithi imekwisha. Ajabu ya kudhani.

Kwanza wakaja watu. Binadamu hana shukrani. Alipokuwa mnene walimwambia, "Punguza." Alipopunguza wakamwinamia sikioni: "Mama, unaumwa? Umeshapima?" Mmoja alimshika mkono kanisani akamwambia wamwekee mikono ya maombi, na wifi akamjibu kwa upole kwamba huo mkono anaoushika ndio wa kupigia pasi, amrudishie. Hayo aliyamudu.

Kilichomshinda ni ngozi.

Mimi sikujua mpaka siku moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tulikuwa tunabadili pamoja miaka kumi na moja, ghafla akaanza kujifungia chooni na sare yake. Nikamgongea. "Wifi, umebanwa au umenichoka?" Akafungua. Alikuwa na kanga kifuani, na machozi yamejaa.

"Ingia uone," akasema.

Nikaona. Tumbo lilikuwa limeshuka kama pazia lililokatika ndoano. Mikono, hapa juu karibu na kwapa, ngozi ilining'inia. Mapaja yalikuwa yamejikunja juu ya magoti kama soksi iliyolegea. Ndani ya yote hayo alikuwamo mwanamke mdogo, mwepesi, kama amevaa nguo ya dada yake.

"Nimekuwa foronya bila mto," akasema.

"Foronya si nguo safi? Tatizo liko wapi?"

"Nani atalalia foronya tupu, wifi?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikajua anamsema nani.

Maana siku mdogo wangu alipokuja kutambulisha nia yake, miaka ishirini na minne iliyopita, mjomba mmoja alimuuliza mbele ya watu wote kwa nini amemchagua huyu. Naye, kijana mjinga aliyevaa viatu vya kuazima, akajibu, "Mimi nataka mwanamke wa kujaza mlango." Watu walipiga vigelegele. Bibi harusi mtarajiwa aliinama akitabasamu, na neno lile akalimeza likakaa. Lilikaa miaka ishirini na minne.

"Aliyemtaka ni yule wa mlangoni," akaniambia pale chooni. "Huyo nimemuua mimi mwenyewe. Na hii ndiyo maiti yake."

"Usiseme maneno hayo. Umepona sukari, unashukuru kwa kulia?"

"Nashukuru. Lakini akiniona hivi?"

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Wifi aliinama, akakipata, na sasa analia mgongo.

Tena alikuwa hajamwambia mumewe. Alimwambia tu kwamba anatembea kidogo na anakula kidogo. Picha alizomtumia zilikuwa za zamani, ile ya gauni la kijani, mwili umejaa fremu. Siku moja mdogo wangu akanipigia mimi. Wifi alikuwa amesimama mbele yangu, amekutanisha viganja kama anayesali, anatikisa kichwa.

"Dada, mwenzangu ananiambia anapungua. Amepungua sana?"

Nilimtazama wifi. Nilitazama juu. Nikasema, "Kidogo."

Kilo sitini na mbili, nikaziita kidogo! Mimi ninayefundisha watoto wa Jumapili kwamba ndiyo yako iwe ndiyo. Kesho yake kwenye sala neno lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila asubuhi lilikuwapo. Nilimwambia wifi, "Mweleze, au nitamweleza." Akasema, "Wiki ijayo." Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo.

Halafu ikaja simu. Mkataba umekwisha. Anafika Jumamosi, wiki tatu kutoka siku ile.

Jamani, hizo wiki tatu.

Jirani mwenye duka la vipodozi akamuuzia mafuta ya kurudisha ngozi, kichupa kidogo kama cha matone ya macho. Akajipaka mpaka akawa anateleza kwenye kiti, na ngozi ikabaki pale pale, sema iling'aa. Akaambiwa ajisugue kwa kahawa, akajisugua, shuka zake nyumbani zikapata madoa ambayo mimi na uzoefu wangu wote nilishindwa kuyatoa. Akaambiwa aoge maji ya baridi alfajiri. Akapata mafua.

Kisha akaanza kujifunga. Mashuka ya hoteli yakichanika, sisi huyachana kuwa matambara ya kufutia. Yeye akachukua vipande virefu, akajizungushia kuanzia kifuani hadi nyongani kama mtoto mchanga. Siku hiyo nilimwuliza kitu kutoka upande wangu wa mashine, akajibu kwa neno moja moja.

"Wifi, umekasirika?"

"Si... pumui."

Nikamfungua kwa mkasi wa kukatia nyuzi. Alipovuta pumzi, alama za vile vitambaa zilikuwa zimemchora mwili mzima, na ngozi ikarudi kuning'inia mahali pake pa kawaida, haina haraka.

Sasa sikiliza alichofanya baadaye, maana hili lisingeweza kumpata mtu yeyote asiyefanya kazi yetu.

Sisi tuna ndoo ya wanga. Unga unakorogwa kwa maji ya moto mpaka unakuwa uji mwepesi, na vitambaa vya meza na kola za wapishi vinachovywa humo kabla ya pasi. Kitambaa kilicholegea kama kamba, ukikitia wanga, kinasimama chenyewe. Wifi yangu amekitazama kitu hicho kwa miaka kumi na moja. Unaelewa kilichompitia kichwani.

Jumapili asubuhi nikampitia twende ibadani. Alinifungulia mlango amesimama wima kama ubao wa pasi, uso una furaha niliyoisahau.

"Gusa," akasema, akanipa tumbo.

Nikagusa juu ya gauni. Pakagonga. Ko, ko.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimejipaka wanga. Mara tatu. Nikaukausha kwa feni."

"Wanga wa mashuka?"

"Wa vitambaa vya meza. Ule mzito."

Ningesema nini? Tulikuwa tumechelewa.

Wimbo wa kwanza alisimama vizuri. Shida ilikuja tuliposema tuketi. Nilisikia mlio, kama mtu amekanyaga maganda ya karanga, na mzee wa kanisa aliyekuwa mbele yetu akageuka. Tukasimama kwa sala: kra. Tukaketi: kra. Mahubiri yalikuwa juu ya kaburi lililopakwa chokaa, na unga mweupe ulikuwa unamdondoka wifi kutoka chini ya gauni ukijikusanya kwenye viatu vyake. Nilitazama mbele. Sijawahi kumtazama mchungaji kwa makini namna ile. Mimi nina miaka hamsini na minne, sijapata kutolewa kanisani kwa kucheka, na nilimwomba Mungu nisianzie siku hiyo.

Tulipotoka joto lilikuwa kali. Jasho likaupata ule wanga, ukaanza kuwa uji tena. Njia nzima alitembea ameachanisha mikono kama bata. Jumanne akawa na upele mwekundu chini ya tumbo, mahali ngozi inapojikunja, na Jumatano umekuwa vidonda. Nikampeleka kliniki mwenyewe, nimemshika kiwiko asije akatorokea kwa yule wa vipodozi.

Nesi alimsafisha, akampa dawa ya kupaka, akamsikiliza hadithi yote mpaka kwenye feni. Hakucheka. Nilimheshimu kwa hilo, maana nilimwona akiuma mdomo.

"Mama," akamwambia, "ngozi iliyovutwa miaka ishirini hairudi yote. Wewe si wa kwanza. Kuna upasuaji wa kuipunguza, unafanywa hospitali kubwa, na si wa kukurupukia, kidonda chake ni kirefu. Huko tutafika ukitaka, baadaye. Kwa sasa fanya mazoezi ya kutia nguvu misuli, kula vizuri, na hapa panapojikunja osha, kausha, usiache unyevu. Usipake wanga. Wala mafuta ya kichupa."

"Lakini itakaza?"

"Kidogo, labda."

Tukatoka nje. "Umesikia?" wifi akaniambia. "Itakaza." Lile "kidogo" na lile "labda" aliyaacha mle ndani kwenye kiti.

Wiki iliyofuata, zikiwa zimebaki siku nne, akaja kazini amevaa sweta la mikono mirefu juu ya sare. Chumba chetu kina joto la kuivisha mkate, sote tunavaa mikono mifupi, yeye na sweta. Chanzo ni Bwana Spana. Siku moja wifi aliinua mikono kukunjua shuka, naye kutoka juu ya ngazi yake akapiga kelele, "Pasi Mbili, leo upepo unavuma kutoka wapi? Naona bendera zinapepea!" Watu wakacheka. Hakuwa na ubaya, ana mdomo tu kuliko akili. Lakini kesho yake sweta likaja.

Alhamisi nikiwa naingiza shuka upande wangu, wifi amekuja kunishikia ncha ya pili, nikasikia ukelele. Ule mkono wa sweta uliolegea ulikuwa umeshikwa pamoja na ncha ya shuka, na rola inavuta. Mbele ya mashine kuna ubao mwekundu. Ukiusukuma, kila kitu kinasimama. Sijui niliufikia vipi, nadhani niliuangukia kwa tumbo. Mashine ikanyamaza. Sweta lilikuwa limeingia ndani hadi karibu na kiganja. Bwana Spana akaja mbio, akafungua. Hakuungua ila ncha za vidole viwili.

Hapo ndipo mimi, mtu ambaye sipendi sauti kubwa, nilipaza yangu.

"Umeteremsha kilo sitini na mbili ili uishi, halafu unataka kufa kwa ajili ya sweta? Nimetembea na wewe jua na mvua! Nimedanganya kwa ajili yako! Nimekaa kanisani unadondoka unga! Mtu huyu anafika keshokutwa, na utampokea kwa mikono yako yote miwili, ining'inie isining'inie!"

Wifi alitazama vidole vyake.

"Wewe huelewi," akasema polepole. "Kwako wewe ni mdogo wako. Kwangu mimi ni mume wangu. Akinitazama akageuza macho, hata kama ni mara moja, hata kama ni kwa bahati mbaya, mimi nitaishi na hiyo."

Niliokota sweta, nikalitia kwenye pipa la matambara.

Jumamosi aliniomba niwepo. "Usiniache peke yangu naye mpaka anywe chai." Nikafika saa nane mchana. Sebule imefagiliwa, mazulia yamepigwa, chupa ya chai iko mezani. Nikaita. Akatoka chumbani.

Nilikaa chini bila kuambiwa.

Alikuwa amenenepa. Tumbo limerudi, nyonga zimerudi, kifua kimejaa gauni la kijani la kwenye picha. Juu ya mwili huo kuna shingo nyembamba na uso mdogo, kama kichwa cha mtu mwingine kilichowekwa pale kwa muda.

"Umevaa nini humo ndani?"

"Blanketi. Na masweta mawili. Na taulo hapa na hapa."

"Kwa nini, mwanamke wa Mungu?"

"Ili ashtuke kidogo kidogo. Leo blanketi, kesho nipunguze taulo, wiki ijayo sweta..."

"Unataka kujipunguza upya, kwa awamu?"

Kabla hajajibu, geti likalia. Mdogo wangu akaingia na begi begani, amekuwa mweusi kwa jua, anacheka mpaka magego. Alinisalimia, "Shikamoo dada," nikaitikia, lakini macho yake yalishampita dada. Akaenda moja kwa moja kwa mkewe akamkumbatia.

Na mikono yake ikazama.

Nilimwona akisimama vile vile, amemkumbatia, kicheko kimemkauka. Akabonyeza ubavuni. Akabonyeza mgongoni. Akamwachia, akamtazama uso, akamshika kifundo cha mkono ambacho sasa vidole vyake vilikizunguka na kupitana.

"Hiki ni kitu gani?" akauliza. "Hili ni blanketi?"

"Baridi," akasema wifi. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Mdogo wangu akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule tangu tumzike mama.

"Dada. Nilikuuliza. Ukaniambia kidogo. Sauti yako ilipinda, nikasema, dada hajui kudanganya, kuna jambo. Tangu siku ile sijalala vizuri. Anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Mnanificha! Mtu anajaza mablanketi ili nisione mifupa, halafu haumwi? Mficha maradhi kifo humuumbua. Niambieni sasa hivi. Amebakiza muda gani?"

"Mdogo wangu, nisamehe, nilikosea. Ni mzima. Alipewa amri ya kupungua na daktari, akapungua. Kilo sitini na mbili."

"Hakuna mtu anayepungua kilo sitini na mbili kwa amri!" Alikuwa analia sasa, mwanamume mzima. "Mmeshazoea kunidanganya. Mnaficha nini? Mnaficha nini?"

Ndipo wifi yangu, aliyejifunga, aliyejipaka, aliyejiosha kwa kahawa, aliyeficha kwa miezi mpaka kwenye choo cha kazini, uvumilivu ukamwisha.

"Unataka kujua ninachoficha?" Sauti yake ilipanda kama filimbi. "Haya! Ninaficha hiki!"

Akashika pindo la gauni. Mimi ni dada wa mume, na yapo mambo ambayo macho yangu hayana ruhusa nayo. Niligeukia ukutani palipokuwa na kalenda. Nikaisoma. Nyuma yangu nilisikia taulo likianguka. Sweta. Sweta. Blanketi likaanguka kwa kishindo kama mzigo wa toroli. Nikafika mwezi wa tano.

"Tazama! Tazama tumbo. Tazama mikono, pepea, pepea! Nilikuwa mtu, nikawa foronya. Haya, geuza macho sasa, yageuze, nimechoka kungoja uyageuze!"

Mwezi wa sita, mwezi wa saba.

"Ndiyo hii?" sauti ya mdogo wangu.

"Ndiyo hiyo."

"Ndiyo hii tu?"

"Tu? Umesema tu? Nimeunguza vidole viwili, nimepata vidonda, nimeaibika mbele za Mungu, na wewe unasema tu?"

"Nilidhani unakufa!" akafoka naye. "Njia nzima kwenye basi nilikuwa napanga nitamwambia nani kwanza! Ngozi? Ni ngozi hii? Lete kadi ya kliniki."

Droo ikafunguliwa. Karatasi. Nikasikia akisoma kwa sauti, kama mtoto anayejifunza herufi: sukari, imeshuka, presha, sawa, uzito, uzito, uzito, mwezi kwa mwezi, hadi chini. Kisha nikasikia kitu kizito kikikaa sakafuni. Alikuwa yeye.

"Umetembea haya yote mimi sipo," akasema.

Wifi hakumjibu hilo. Aliuliza lake, kwa sauti ndogo ambayo nilikuwa sijaisikia. "Na mlango je?"

"Mlango gani?"

"Ulisema unataka mwanamke wa kujaza mlango."

"Mimi? Nilisema hivyo lini?"

Nilipiga kalenda kwa paji la uso. Miaka ishirini na minne! Mtu amebeba neno mgongoni miaka ishirini na minne, na aliyelisema hakumbuki hata kulitupa! Ilibidi nimkumbushe mimi, nikiwa nimeutazama ukuta: mjomba, viatu vya kuazima, vigelegele.

"Ah," akasema. "Nilikuwa na woga siku ile. Ningesema chochote." Akafikiri kidogo. "Kama mlango ndio shida, ule wa mbele ni wa chuma. Nina mashine ya kuchomelea. Kesho naupunguza."

Kwa mara ya kwanza tangu kilo zile ziishe, nilimsikia wifi akicheka. Kisha nikasikia kama amempiga na taulo. Nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwangu, sikujibiwa, nikaondoka nikipapasa ukuta mpaka mlangoni. Chai hakuna aliyeigusa.

Nisiseme uongo wa pili kwa kusema ngozi imekaza. Haijakaza. Iko pale pale, na wifi bado anaisema, asubuhi tukienda na jioni tukirudi: mara inamsugua, mara hana blauzi inayomkaa, mara amewaza ile hospitali kubwa, mara ameghairi. Mumewe anasema aamue mwenyewe. Yeye anasema kuamua mwenyewe ndiko kunakomchosha. Namsikiliza. Nachoka. Namwombea. Vidonda vimepona, hilo ni jambo.

Lakini Jumatatu ile, baada ya ile Jumamosi, alibadili nguo pamoja nami chumbani, si chooni. Alivaa sare ya mikono mifupi kama sote. Vidole viwili vimefungwa bandeji. Akaenda kusimama upande wake wa mashine, nikaingiza shuka la kwanza, naye akainua mikono yote miwili kulipokea.

Bwana Spana alikuwa juu ya ngazi. Nilimwona akifungua kinywa, nikamkazia macho, akakifunga. Wifi alimwona pia.

"Sema tu, Bwana Spana. Ulitaka kusema bendera?"

"Hapana mama, mimi..."

"Zipo mbili, na zinapandishwa sasa hivi. Bendera ikipandishwa watu hufanya nini?"

Yule bwana alishuka ngazi. Akasimama wima, visigino vimekutana, spana begani. Alisimama hivyo mpaka shuka lilipokunjwa, na wifi hakuharakisha kulikunja.